Kiraka Kipya Katika Mashine Kuukuu



Mwezi huu sitawaandikia habari za paa la kanisa wala za ratiba ya ibada. Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo lililotupata katika ofisi ya mtaa wetu hapa Newala. Ni jambo dogo kwa macho, lakini mimi niliye mzee limenifundisha mengi kuliko nilivyotazamia. Swali lenyewe ni hili: mtu akikabidhiwa fedha za wenzake anunue kitu cha lazima, je, ni halali anunue kilicho bora kupita cha lazima? Na mpaka wa lazima ataujuaje?

Kompyuta ya ofisi mwaifahamu. Tuliipata ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wengine, na sasa umri wake wapata miaka 12. Ndani yake mna majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa, ambayo tumeyanakili kidogo kidogo kutoka vitabu vya zamani, vile ambavyo mchwa walikuwa wamekwisha kuvionja. Wiki tatu kabla ya Kipaimara, asubuhi moja, kioo kikawa cheusi. Mashine ilinguruma, feni zikazunguka, taa ikawaka, bali picha hakuna. Orodha ya watoto wa Kipaimara ilikuwa humo humo ndani. Kijana wetu mmoja wa kwaya, ambaye ndiye mjuzi wetu wa mambo haya, aliifungua, akachungulia, akasema, "Mwalimu, kadi ya picha imekufa."

Kwa wasioijua, kadi ya picha ni kibao kidogo kinachochomekwa juu ya bodi kubwa ya ndani, ile ambayo mafundi huiita madabodi. Kompyuta hufanya kazi kwa tarakimu tupu. Kazi ya kadi ni kuzigeuza tarakimu hizo ziwe nukta za rangi kwenye kioo, ili jicho la mwanadamu lipate kusoma. Kadi hizi si za namna moja. Iko GeForce GT 1030, iliyotoka mwaka 2017, ambayo hutumia umeme wa wati 30, yaani chini ya balbu nyingi za kizamani. Iko na GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, ambayo hutumia wati 450. Kadi moja yala chakula cha kadi kumi na tano! Hizi kubwa hununuliwa na wanaocheza michezo ya kompyuta, watengenezaji wa filamu, na siku hizi wale wanaofanya kazi za akili bandia. Ofisi ya mtaa haimo katika hesabu hiyo.

Basi, tulitangaza mchango. Minada ya korosho ilikuwa imekwisha kufanyika na malipo yamefika, kwa hiyo mioyo ya watu ilikuwa mikunjufu. Zilipatikana shilingi laki tatu na nusu. Bibi mmoja alifungua pindo la khanga yake, akatoa shilingi elfu mbili zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama punje ya kunde. Alisema, "Hizi za kompyuta ya majina." Jina la kadi hakulijua, lakini kazi yake aliijua.

Sasa naungama. Yule kijana wa kwaya alikuwa ameniandikia karatasi yenye jina la kadi aliyoitaka, GeForce GTX 1050 Ti. Aliniambia kwamba kwa kadi hiyo kwaya itaweza kutengeneza yenyewe video zake, badala ya kulipia studio. Nikaona ni neno jema. Tena nikajiambia, kama twanunua, tununue kitu cha maana. Na moyoni, ndugu zangu, palikuwa na kitu cha tatu: nilitamani ofisi yetu iwe na mashine ya kusifiwa, na mimi katibu niwe mwenye mashine hiyo. Katika daftari la mchango niliandika maneno matano tu, "Kadi ya picha ya ofisi." Sikuandika neno la uongo. Lakini ile kweli niliyoiandika ilikuwa pazia, na nyuma ya pazia walisimama watu wawili wengine, kwaya na majivuno yangu.

Nikashuka mlima kwenda Masasi na mashine imefungwa kwa kitenge mapajani mwangu. Chini ya yale majabali nikamkuta fundi, kijana mpole, meza yake imejaa bisibisi na vumbi la kompyuta za watu. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu," nikampa karatasi. Aliisoma, akaiweka chini, akaniuliza maswali matatu. "Pawa saplai ya mashine hii ni ya wati ngapi? Prosesa yake ni ya mwaka gani? Na kazi yake huko ofisini ni nini?" La kwanza sikulijua, wala la pili. La tatu nililijua, na ndilo lililoniona haya kulijibu.

Alinieleza kwa subira, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huhitaji nyaya zake zenyewe kutoka kwenye pawa saplai: waya wa pini sita huongeza wati 75, wa pini nane huongeza 150. Mashine nyingi za ofisi za zamani hazina nyaya hizo hata moja. Kasha lenyewe laweza kuwa jembamba, kadi ndefu isiingie. Na hata kadi ikiingia ikapata umeme, prosesa kuukuu yaweza kuwa nzito ya kuilisha, nayo ikakaa nusu ya kazi ikingoja.

Nikamwambia, "Mwanangu, hayo nayaelewa, maana mimi ni mtu wa Newala." Sisi wa juu ya uwanda twanywa maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Tukifunga pampu kubwa kwenye mabomba yaliyochakaa, mambo ni mawili: ama maji yatakuja kwa mwendo ule ule wa mabomba, ama mabomba yatapasuka. Twaujua wote ule mfano wa kiraka kipya na vazi kuukuu. Miaka yote niliufikiria upande wa vazi tu, kwamba vazi litachanika. Siku ile niliuona upande wa kiraka: kitambaa kizuri hupotea bure mahali kisipopatana napo.

Nikamwuliza kuhusu kadi za bei ya chini, maana nilianza kuona afadhali nikirudi na chenji. Hapo akanionya juu ya mambo matatu. Kwanza, jina si kitu. Ile GT 1030 ya mwaka 2017 ilifuatwa mwaka 2018 na nyingine yenye jina lile lile, ila kumbukumbu yake ni ya namna nyingine, na hupitisha habari kwa kasi ya karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza. Asiyesoma maandishi madogo kwenye boksi hununua jina. Pili, kadi zilizotumika zina historia. Mpaka Septemba 2022 watu wengi duniani walizitumia kadi kuchimbia fedha ya mtandao iitwayo Ethereum, usiku na mchana bila kupumzika. Mfumo wake ulipobadilishwa mwezi huo, kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Nyingine bado ni nzima, nyingine feni zake zimechoka, na kwa macho hazitambulikani. Tatu, ziko kadi za kale sana ambazo wadanganyifu wamezibadilisha maandishi ya ndani, hata kompyuta yenyewe ikiulizwa hutaja jina la kadi mpya. Rahisi ni ghali, wahenga walikwisha kusema.

Kisha fundi akaigeuza mashine, akatazama nyuma yake, akacheka kidogo. Karibu na matundu ya kipanya na kibodi palikuwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Akakibandua kwa kucha. Chini yake palikuwa na tundu la waya wa kioo. Akaing'oa kadi iliyokufa, akapuliza vumbi, akachomeka waya pale, akawasha. Tulingoja. Picha ikaja.

"Mwalimu," akasema, "prosesa hii ina sehemu yake yenyewe ya picha. Aliyeiweka kadi zamani aliliziba tundu hili ili watu wasikosee. Kwa kuandika barua, hesabu na orodha za majina, hamhitaji kadi." Akanitoza ujira wa kusafisha vumbi, basi. Kadi za kuuza alikuwa nazo rafuni nyuma yake.

Mtadhani nilifurahi. Sikufurahi. Nilisikia kitu kama hasira, kama mtoto aliyevishwa nguo za sikukuu akaambiwa sikukuu haipo. Haja yetu ilikuwa imetimizwa yote, majina ya watoto yako kiooni, na laki tatu na nusu ziko mfukoni. Nami nikatafuta sababu ya kununua kadi hata hivyo. Niliuliza, "Lakini je, ikiharibika na hii?" Nikauliza, "Lakini si ingekuwa na kasi zaidi?" Fundi akanijibu kwamba kasi ya kuandika barua ni kasi ya vidole vyangu. Tena akanikumbusha kwamba mashine ile ina uzee mwingine usioponywa na kadi: Windows 10 iliyomo ndani yake ilikoma kuhudumiwa na wenyewe Oktoba 2025, na prosesa yake ni ya zamani mno kwa Windows 11. Akashauri siku moja tuweke mfumo wa Linux, ambao haulipiwi. Kadi ya bei kubwa ingekuwa kiti cha enzi ndani ya nyumba inayovuja.

Katika gari, tukipanda mlima kurudi, nilijiuliza: hasira ile ilitoka wapi? Kama ningalikwenda kwa ajili ya haja tu, haja ilipokwisha ningalishukuru. Huu ndio mzani niliouokota siku ile, nami nawapa bure. Ukitaka kujua kama ulichokuwa ukitafuta ni haja au ni tamaa, angalia moyo wako siku haja inapotimizwa pasipo kununua. Haja ikishiba hunyamaza. Tamaa hunung'unika, maana chakula chake kilikuwa huko kununua kwenyewe.

Lakini tusiende haraka tukaihukumu kila tamaa. Kwaya kutaka kutengeneza video yake si dhambi. Ni kazi njema, na huenda siku moja ikawa haja kweli. Kosa langu halikuwa kuitaka kadi kubwa. Kosa lilikuwa kuipitisha kadi ya kwaya kwa jina la ofisi, na kuyapitisha majivuno yangu kwa jina la kwaya. Haja ina haki ya kubisha hodi usiku wa manane na kuamsha watu. Matakwa mema nayo yana mlango wake, yaje mchana, yajitaje jina, yangoje majibu. Nami nilikuwa nayo matakwa yangu, nikayavika kanzu ya haja.

Nilipotoa taarifa katika kikao cha wazee wa Kanisa, mzee mmoja alisimama akanipinga, na neno lake lilikuwa zito, siwezi kulificha. Alisema, "Sisi watu wa kusini twaambiwa siku zote kwamba hiki kinatosha. Barabara ya vumbi, inatosha. Kompyuta waliyoichoka wenzetu, inatosha. Leo tumepata fedha zetu wenyewe, za korosho zetu, na bado mwatuambia kinatosha. Mpaka lini?" Wengine walitikisa vichwa kumkubali.

Ndugu zangu, mzee yule alikuwa na haki. Neno "kinatosha" likisemwa na mwenye vingi kumwambia mwenye vichache, mara nyingi ni neno la dharau. Ndiyo maana halipasi kusemwa na mtu kwa niaba ya mwingine bila kumwuliza kazi yake. Nilimjibu hivi: kutosha hakupimwi kwa hadhi ya mtu, hupimwa kwa kazi iliyoko mbele yake. Fundi hakuniuliza natoka wapi wala nina shilingi ngapi. Aliniuliza kazi ya mashine ni nini. Kama ningalimjibu kwamba twatengeneza filamu, angalinionyesha kadi ya filamu, na kumnyima mtengeneza filamu kadi yake kwa kisingizio cha unyenyekevu kungekuwa kosa lile lile limegeuzwa. Maana yako majivuno ya kununua kikubwa, na yako majivuno ya kujinyima ili watu waone umejinyima. Yote mawili humtazama mnunuzi, yakaisahau kazi.

Nchi yetu nayo imewahi kuliuliza swali hili. Mwaka 1974 serikali ilizuia kompyuta kuingizwa nchini, baada ya mashine iliyowekwa kwa hesabu za serikali kushindwa kuleta faida iliyotazamiwa. Zuio lile lilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Wapo vijana wanaolicheka leo. Mimi naona swali lenyewe lilikuwa la haki: kitu hiki kitatufanyia kazi gani, na kikiharibika ni nani atakayekitengeneza? Palipokosewa ni kulijibu mara moja tu, kwa watu wote na kwa miaka mingi. Jibu la kutosha ni kama shati la mtoto, hupimwa upya kila mwaka. Lililomtosha mwaka jana halimtoshi mwaka huu, na la kakake bado ni kubwa.

Zikabaki zile fedha. Wengine kikaoni walisema, "Zimekwisha kutolewa, tuzitie katika paa." Wengine, "Tuwape kwaya, si ndio wanaohitaji?" Wote walisema kwa nia njema. Lakini aliyezitoa alizitoa kwa kazi moja, akaitaja. Kazi hiyo imekwisha, na mapenzi yake hayawi mali yetu kwa sababu tu fedha zimo katika sanduku letu. Tukakata shauri kuwauliza wenyewe. Jumapili, baada ya Misa, nilisimama nikasoma kila kitu: mashine imepona, gharama ni hii, kilichobaki ni hiki, na anayetaka chake na aje achukue bila aibu. Nikaieleza na ile karatasi ya kwaya niliyoificha. Sauti yangu ilitetemeka kidogo, mliokuwapo mwaweza kushuhudia.

Wengi walisema zibaki kwa paa. Baadhi walisema zao ziwe za kwaya, basi kijana wetu akafungua daftari lake mwenyewe, lenye jina la kwaya juu yake, nalo lajaa polepole. Watu wachache walikuja kuchukua. Wa kwanza wao alikuwa yule bibi wa pindo la khanga. Nilimrudishia elfu mbili zake kwa mikono miwili, nikamwambia, "Bibi, utusamehe kwa usumbufu." Akazikunja tena, akazifunga pindoni.

"Hamna la kusamehewa, mwanangu," akasema. "Mjukuu wangu anataka madaftari. Ila hebu nionyeshe, jina lake liko humo?"

Tukaingia ofisini. Niliwasha mashine kuukuu, tukangoja, nikamtafutia. Hasomi sana, lakini jina la mjukuu wake alilijua kwa umbo. Aliliwekea kidole kwenye kioo, akalitazama kitambo, kisha akaenda zake dukani kununua madaftari.